Breki ya Mara ya Kumi

Ukiigeuza breki pedi mpya ukaitazama ubavuni, kwenye ukingo wa ile sehemu inayoliwa na diski, utakuta maandishi madogo ya wino mweupe: namba za kiwanda, namba za mchanganyiko, halafu herufi mbili zimekaa pamoja. Mara nyingi ni FF. Wakati mwingine ni EE, au GF, au GG. Wauza spea wengi hawana habari nazo na wateja hatuziulizi. Sisi huuliza bei, kisha tunauliza kama ni orijino, na muuzaji, bila kupepesa macho, hutuambia ni orijino.

Herufi hizo ni kipimo cha msuguano. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Ya kwanza inaeleza pedi inavyoshika ikiwa na joto la kawaida, ya pili inavyoshika ikishapata moto. Mpwa wangu alikuwa ameyakariri haya yote. Ana Toyota 110 ya zamani, diski mbele na ngoma nyuma, anayokuja nayo nyumbani Karurumo mwisho wa mwezi, na akipata pesa za kiingilio huipeleka kwenye autokrosi. Alitaka pedi moja ya kazi zote mbili. "Anko, hii ndiyo ya kuchukua," akaniambia akinionyesha picha. "Ni GG. Ikikamata, imekamata."

Nilimuuliza herufi zile zilipimiwa wapi. Si jambo ambalo watu hujiuliza. Zilipimiwa maabara, kwenye kipande cha pedi cha inchi moja kwa inchi moja kilichokandamizwa juu ya ngoma ya chuma inayozunguka. Ni kipimo cha haki kwa kulinganisha mchanganyiko na mchanganyiko. Lakini kile kipande hakikuwahi kubeba abiria wanne na gunia la viazi, wala hakikuwahi kuteremka kwenda mto Thuci.

Karurumo iko Kyeni, chini ya Runyenjes, mahali ambapo kahawa inaanza kulalamikia jua. Ukipanda kutoka hapo unaelekea kwenye majani chai na baridi ya Mlima Kenya. Ukishuka unaelekea Ishiara, kwenye embe, ndengu na joto. Barabara iliyolala huku ni ya kutafuta. Mito inayotoka mlimani, Ena, Thuci, Ruguti, Tungu, Nithi, Mutonga, imeichana nchi ikielekea Tana, na barabara ya Embu kwenda Meru inaikatiza mmoja baada ya mwingine: inateremka hadi darajani, inapanda, inavuta pumzi kidogo sokoni, inateremka tena. Mtu wa Nairobi akiitazama ramani huona kilomita. Mtu wa huku huona madaraja.

Dhana ya mpwa wangu ni ya watu wengi, kwamba breki nzuri ni ile inayosimamisha gari haraka. Inaingia akilini, ila ina kasoro. Pedi yoyote ya maana iliyofungwa vizuri kwenye Toyota 110 ina nguvu ya kulifunga gurudumu lisizunguke kabisa. Mguu wa kawaida unatosha. Gurudumu likishafungwa, kinacholizuia gari ni kile kipande cha mpira kilichogusa ardhi, ambacho si kikubwa kuliko kiganja cha mkono. Kwa hiyo anayetaka kusimama mapema, mara moja, kutoka mwendo fulani, anapaswa kwenda kwa muuza matairi. Muuza pedi hana la kumwongezea hapo. Pedi inajibu swali lingine: mara ya kumi gari litasimama kama lilivyosimama mara ya kwanza?

Hapa ndipo hesabu inaponoga. Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, likisimamishwa, breki zake humeza nishati sawa na ya gari hilohilo kuanguka kutoka urefu wa mita 25. Kwa kilomita 100 ni mita 39. Uzito hautii mkono. Iwe Probox au lori, urefu ni uleule. Sasa igeuze. Mteremko unaokushusha mita 100 wima, ukiushuka kwa mwendo mmoja huku breki pekee ndizo zinazokuzuia, ni sawa na kusimama kutoka kilomita 80 mara nne mfululizo bila kupumzika. Upepo na injini hupunguza mzigo kiasi, lakini picha haibadiliki. Na dereva haoni chochote. Mshale umetulia kwenye 50, redio inaimba, abiria wamelala, na kule chini diski zinapanda moto kimyakimya.

Joto hilo lina njia mbili za kukugeuka. Ya kwanza ni ya pedi yenyewe. Pedi ni mchanganyiko wa nyuzi, unga wa madini, grafiti na mpira, vyote vikishikiliwa na gundi ya rezini. Rezini ikizidiwa na moto hutoa gesi, na gesi hiyo hukaa kati ya pedi na diski. Ule mfereji unaouona umechongwa katikati ya pedi kazi yake mojawapo ni kuitafutia gesi hiyo njia ya kutokea. Hali hii ikikupata, pedali inakuwa ngumu kama kawaida, unakanyaga kwa nguvu zako zote, na gari halikusikii. Njia ya pili ni ya mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka. DOT 3 ikiwa mpya haichemki hadi nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango chake kinaruhusiwa kushuka hadi 140; DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. Yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hukandamizika. Pedali inazama hadi sakafuni kana kwamba kuna mtu ameifungua. Fundi mmoja wa Runyenjes, ambaye tutamrudia, huwauliza wateja wake swali moja tu kabla ya kugusa gari: pedali ilikuwa juu au chini? Jibu humwambia nusu ya ugonjwa.

Tuje kwenye autokrosi, maana mpwa wangu hakutaka iachwe. Autokrosi ya Kenya, chini ya shirikisho la michezo ya magari, KMSF, ni mchezo wa vumbi: kiwanja kifupi cha udongo, kona zimebanana, gari linashindana na saa. Kule Marekani jina hilohilo wamelipa mchezo wa lami, uwanja mkubwa wa maegesho uliopangwa koni za plastiki, na mzunguko unaoisha kwa dakika moja hivi. Iwe vumbi au lami, breki hazipati nafasi ya kuungua. Unakanyaga mara chache, kwa mwendo ambao si mkubwa, kisha unarudi kwenye foleni na diski zinapoa. Kwenye udongo ni zaidi: tairi linateleza kabla pedi haijatoa hata robo ya uwezo wake. Yaani mchezo ule unaoonekana mkali, wenye kelele na kofia ngumu, kwa breki ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kumpeleka mama Chogoria hospitali siku ya Jumanne.

Wala pedi za mashindano si suluhisho. Nyingi zimetengenezwa zifanye kazi zikishapata moto, nyuzi 150 au 200 na kuendelea, na hapo ndipo zinapostahimili hadi diski iwake nyekundu. Zikiwa za baridi zinashika kwa kusitasita, zinapiga kelele za kuudhi, na zinaikwangua diski. Sasa fikiria Karurumo mwezi wa Julai, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umeshuka, umetoka nyumbani hujakanyaga breki hata mara moja, na mbuzi wa jirani anaamua kuvuka. Mbuzi huyo atakutana na breki yako ya kwanza, ya baridi kabisa. Kwa autokrosi na kwa mbuzi, hitaji ni moja, pedi inayoshika tangu ikiwa ya baridi. Kwa mteremko unahitaji pedi isiyokata tamaa ikiwa ya moto. Anayetafuta pedi moja ya yote anatafuta kitu cha wastani kilichotengenezwa kwa uangalifu, na hilo ni neno gumu kumwambia kijana wa miaka ishirini na kitu.

Namwelewa lakini. Sisi nasi tulikuwa na ushabiki wetu. Safari Rally, tangu ilipoanza mwaka 1953, kwa miaka mingi ilikuwa ikiuzunguka Mlima Kenya, na kizazi changu kilimshangilia Patrick Njiru alipomaliza Safari ya 1993 akiwa wa 12 ndani ya Subaru Vivio, kigari cha injini ya cc 660 ambacho leo ungekitilia shaka hata kwenda nacho sokoni. Hakuna aliyekuwa akizungumzia breki zake. Tulizungumzia mwendo.

Barabara ya Meru imetufundisha kuzungumzia breki kwa njia mbaya. Jumapili, tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru lilitumbukia kutoka Daraja la Nithi, karibu mita 40 hadi mtoni, na watu zaidi ya 30 wakafa. Haikuwa mara ya kwanza pale, na neno lililosikika kabla ya lolote lilikuwa lilelile la siku zote: breki zilifeli. Tazama tena ile hesabu ya juu. Mita 40 ni kilomita 100 kwa saa. Ule urefu wa kutoka barabarani hadi kwenye mawe ya mto ndio urefu wa breki moja ya dharura kwenye barabara kuu.

Sisemi najua kilichotokea ndani ya mitambo ya basi lile. Ninachojua ni jinsi breki za magari makubwa zinavyoishiwa. Mabasi na malori yetu mengi hutumia breki za upepo na ngoma. Ngoma ikipata moto inatanuka, na ikitanuka inayakimbia mabamba ya breki yaliyo ndani yake. Kile chuma kinachosukumwa na upepo kina safari yake yenye kikomo. Kila ngoma inavyotanuka, safari inarefuka, hadi chuma kinafika mwisho na mabamba hayajafika ukutani. Hapo upepo upo, dereva amekanyaga, hakuna kitu kilichokatika, na gari linakwenda. Akianza kupigapiga pedali kwa hofu, anaumaliza hata ule upepo uliobaki. Fundi akilikagua gari hilo baadaye, likiwa limepoa, huenda akakuta breki nzima. Ndiyo maana neno "zilifeli" hunikera. Linaisingizia breki kifo cha ghafla, wakati ilikuwa ikiungua tangu kilomita mbili nyuma, na harufu yake iliingia hadi ndani.

Harufu hiyo kila anayepita Nithi anaijua. Magari makubwa yanayofika chini na kupanda upande wa pili huiacha hewani, kali, ya kuwasha pua. Nimeona utingo akimwagia magurudumu maji ya mtungi baada ya mteremko, moshi ukapanda, na kila mtu akaridhika. Chuma cha moto hakipendi maji ya ghafla. Kinaweza kupinda au kupasuka. Na kwa gari linalotumia mafuta ya breki, yale ya ndani hayajapoa hata kidogo. Bora lingesimama kabla ya mteremko kuliko kuogeshwa baada yake.

Inasimuliwa kwamba mambo haya ya pedi yalianzia kwenye mteremko vilevile. Herbert Frood wa Derbyshire, Uingereza, aliyeanzisha kampuni ya Ferodo mwaka 1897, aliwaona wakulima wa milima ya kwao wakigongomelea ngozi za viatu vikuukuu kwenye breki za mikokoteni ili zishike wakishuka. Akatafuta kitu bora kuliko kiatu. Baadaye kiwanda kizima cha breki duniani kikakaa miongo mingi kwenye asbestosi, kwa sababu ilistahimili moto vizuri mno, hadi mapafu ya wafanyakazi yalipotoa ushahidi. Siku hizi ugomvi umehamia kwenye shaba: majimbo ya Washington na California yalipitisha sheria mwaka 2010 za kuipunguza ndani ya pedi, kwa kuwa vumbi lake huoshwa na mvua hadi mitoni na kudhuru samaki. Nikiwa Karurumo huwa naikumbuka sheria hiyo, kwani vumbi la kila breki inayokanyagwa kati ya Runyenjes na Nkubu lina mto wake unaolisubiri pale chini.

Lakini mkulima yule wa Derbyshire alikuwa na faida moja juu yetu. Alikuwa na punda au farasi mbele ya mkokoteni, mnyama aliyekataa kukimbia zaidi ya alivyoweza kusimama. Sisi tunayo injini, na tunaidharau. Gari likiwa gia ya pili kwenye mteremko, injini inapiga kelele na mwendo unabanwa bila diski kuguswa. Madereva wengi huona kelele hizo ni uharibifu. Wengine huweka fri kabisa ili kuokoa mafuta, wakiokoa shilingi kadhaa na kuzikabidhi breki mlima mzima. Nimewahi kumsikia dereva wa matatu akimcheka mzee mmoja aliyekuwa akishuka na gia ya pili: "Huyo anaogopa." Alikuwa anaogopa kweli, na sijui ni nani mwenye akili timamu asiyeogopa pale.

Kuna jambo linalonitatiza zaidi katika biashara hii ya kuboresha breki. Miaka ya 1980, huko Munich, Ujerumani, watafiti walifuatilia teksi za kampuni moja, nyingine zikiwa na breki za ABS, nyingine bila. Zile zenye ABS hazikupata ajali chache zaidi. Madereva wake walikwenda kwa kasi na kukaribia magari ya mbele, wakaitumia nafasi waliyoongezewa hadi ikaisha. Sina sababu ya kuamini kwamba kijana wa Embu ni tofauti na dereva wa teksi wa Munich. Mpe pedi zinazostahimili nyuzi mia zaidi, naye atazitafuta hizo nyuzi mia. Madereva wa pikapu za miraa wanaotoka Maua wakiuwahi uwanja wa ndege Nairobi hawana breki mbaya. Yule fundi wa Runyenjes ananiambia hao ndio wateja wake wazuri, wanabadilisha pedi kabla hazijaisha na hawabishani bei. Wala hapo hajasema kwamba wako salama.

Tulimwendea fundi huyo Jumamosi, mpwa wangu akiwa na boksi la pedi zake za GG mkononi, alilonunua Nairobi, Kirinyaga Road, kwa bei iliyonifanya nishuku. Fundi hakulifungua kwanza. Alitoa gurudumu la mbele, akachomoa pedi ya zamani, akaiweka kwenye mwanga. Iling'aa kama kigae. Akasema huyo ni mtu wa kukanyaga kidogokidogo mteremko mzima. Kisha akafungua ngoma za nyuma, ambazo hakuna aliyekuwa amezitaja, na ndani yake mabamba yalikuwa yamebaki kama karatasi. Gari lililofunga breki linainama mbele, kwa hiyo breki za mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi. Lakini za nyuma zikifa, za mbele hubeba yote, na zitaungua mapema hata zikiwa za mashindano.

Ndipo akafungua boksi. Herufi zilikuwepo, ila wino ulitoka kwenye kidole chake, na bati la mgongoni lilikuwa na ukingo wenye makali ambao kiwanda chenye kujiheshimu hakiachi. Sheria ya bidhaa ghushi ipo tangu 2008, na boksi zuri pia lipo. Fundi ana dawa yake: hununua pedi za aina iliyokuja na gari, kutoka kwa mtu mmoja, na hutazama kama lile E ndani ya duara limechapwa, alama ya kanuni ya Ulaya inayodai pedi ya kubadilishia isipishane na ya asili kwa zaidi ya asilimia 15. Alama nayo huigwa, anakiri. Lakini anayeiga huwa mvivu mahali fulani.

Tukafunga FF za kawaida mbele, mabamba mapya nyuma, na mafuta ya DOT 4 baada ya yale ya zamani kutolewa yakiwa meusi. Bei yote ilikuwa chini ya lile boksi pamoja na diski ambazo pedi za GG zingekula. Halafu tukaenda kuzizoesha kwenye kipande kilichonyooka juu ya soko: kilomita 60, kanyaga hadi 10 bila kusimama kabisa, ongeza mwendo, kanyaga tena, mara nane au tisa, hadi pedi ilipoacha utando wake mwembamba juu ya diski. Kusimama na kukaza mguu wakati huo huacha alama pale pedi ilipokaa, na usukani utatetemeka siku zote. Kisha tukatembeza gari polepole ili lipoe.

"Anko, mbona sioni tofauti?" mpwa wangu akauliza tukirudi.

Fundi, aliyekuwa kiti cha nyuma akisikiliza magurudumu, alimjibu kabla yangu kwamba tofauti hiyo iko huko Nithi, apeleke gari na gia ya pili akaitafute, kisha akataka kujua ni nani kati yetu anayelipa.